Kompyuta mpakato nyepesi, inayokaa na chaji siku nzima na yenye taa chini ya herufi: nichague ipi?

Mwalimu wa Wete

Assalamu alaykum ndugu zangu. Mimi ni mwalimu wa skuli ya sekondari huku Wete, Pemba, na tangu mwaka jana ninasoma shahada ya pili kule Tunguu, kwa hiyo kila baada ya wiki chache hushuka Mkoani kupanda boti ya Unguja. Kompyuta niliyonayo ni ya inchi 15, nzito, na betri yake imekufa kiasi kwamba ukichomoa waya tu inazimika papo hapo. Mwezi uliopita umeme ulikatika usiku nikapoteza kurasa sita za sura ya pili ya tasnifu yangu, kurasa ambazo nilikuwa nimezifanyia kazi tangu magharibi, na hapo ndipo nilipokata shauri kwamba lazima nitafute mashine nyingine.

Kazi zangu si za kuichosha kompyuta. Naandika, natunga mitihani, naingiza alama za wanafunzi kwenye jedwali na nasoma makala nyingi za PDF. Lakini siku ya safari natoka nyumbani alfajiri, napanda gari hadi Mkoani, nakaa kwenye boti, na nikifika mjini naelekea darasani moja kwa moja mpaka jioni, bila ya kupata nafasi ya uhakika ya kuchomeka waya. Nataka mashine itakayonichukua mchana kutwa, na isiwe mzigo begani, kwa sababu begi hilo hilo hubeba vitabu na nguo.

Jambo la tatu huenda wengine wakaliona dogo, lakini kwangu ni kubwa. Nalala chumba kimoja na wanangu wawili wadogo, na wakati wangu wa kuandika ni baada ya wao kulala. Nikiwasha taa ya chumba, mdogo huamka. Mwanga wa kioo peke yake haunitoshi, kwani mimi bado huandika kwa kuangalia herufi, na gizani nakosea kila neno la tatu. Kwa hiyo nataka kibodi yenye taa chini ya herufi.

Nina shilingi laki tisa, na nikijibana sana naweza kufika milioni moja. Nimeuliza katika maduka mawili Chake. Muuzaji mmoja alinionesha mashine mpya akaniambia inakaa saa 10, mwengine akanionesha iliyotumika akasema saa 8, na nilipowauliza saa hizo zimehesabiwaje sikupata jibu la kuridhisha. Naomba mnieleweshe: saa hizi zinatoka wapi, na kwa fedha hizi nichukue mpya ya bei ya chini au iliyotumika ya daraja la juu?

Fundi Mlandege

Wa alaykumu salaam mwalimu. Pole kwa kurasa zako.

Nianze na swali la saa, kwa sababu ukilielewa hili hakuna muuzaji atakayekubabaisha tena. Saa za betri ni hesabu ya kugawa. Betri ya kompyuta hupimwa kwa wati-saa, ambazo huandikwa Wh kwenye kibandiko chake, na kompyuta yenyewe inapofanya kazi hula wati kadhaa. Betri ya wati-saa 50 ikiwa ndani ya mashine inayokula wati 10, utapata saa 5. Betri hiyo hiyo ikiwa ndani ya mashine inayokula wati 5, utapata saa 10. Zile saa zinazotangazwa dukani mara nyingi zimepimwa kioo kikiwa kimefifizwa na mashine ikicheza video tu, wala si kwa mtu aliyefungua makala ishirini za intaneti huku akiandika. Kwa hiyo usiulize inakaa saa ngapi. Uliza betri ina wati-saa ngapi leo, si siku ilipotoka kiwandani, kisha uliza nini ndani ya mashine kinazila.

Mlaji mkubwa katika kazi kama zako ni kioo, halafu prosesa, yaani ubongo wa mashine. Kioo cha inchi 14 chenye nukta 1920 kwa 1080 kinakutosha kabisa, na ukisikia sifa za kioo cha 4K kimbia, kwa sababu kitakumalizia chaji bila ya faida yoyote katika kuandika. Kwenye prosesa za Intel za miaka ya karibu na 2018 tazama herufi ya mwisho: U ni ya mashine nyepesi, iliyosanifiwa kwa wati 15 hivi, na H ni ya wati 45, ambayo ni ya watu wa michezo na wahariri wa video. Kuna watu huletewa yenye H wakaambiwa ni kali zaidi, na ukali wenyewe ni kweli upo, lakini wanaulipia kwa betri kila siku.

Sasa kuhusu mpya au iliyotumika. Kwa laki tisa, mpya utakayoipata kwa kawaida itakuwa na bodi ya plastiki, betri ndogo, RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) ya GB 4 na kibodi isiyo na taa. Mimi nakushauri bila ya kusita uchukue iliyotumika kutoka maofisini, zile zilizotengenezwa kwa ajili ya makampuni, kwa kuwa zilisanifiwa zifunguliwe na kutengenezwa. Za mwaka 2018 ziko tatu ninazozifungua mara kwa mara hapa mezani na zote ni za inchi 14: Lenovo ThinkPad T480, HP EliteBook 840 G5 na Dell Latitude 7490. Sababu ya kutaja mwaka 2018 si upendeleo wangu. Microsoft ilisitisha huduma ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 kwa upande wa Intel inakubali rasmi prosesa za kizazi cha 8 na kuendelea, pamoja na chache sana za kabla yake. Ukinunua ya kizazi cha 6 au cha 7 kwa sababu imeshuka bei, umenunua mashine ambayo itabaki bila ya kinga. Hapa pana mtego: T470 na T480 zinafanana kama pacha, na nimeona T470 ikiuzwa kwa jina la mdogo wake. Soma maandishi yaliyomo kwenye bodi yenyewe.

Katika hizo tatu, kwa safari zako, mimi ningechukua T480, na sababu ni moja tu nayo ni kubwa. Ina betri mbili. Moja iko ndani, ya wati-saa 24, na nyengine iko nje chini ya mashine, unaichomoa kwa mkono bila ya bisibisi. Hiyo ya nje ilitolewa kwa ukubwa wa aina tatu: wati-saa 24, 48 na 72. Ukiweka ya 72 unakuwa na jumla ya wati-saa 96, na kwa mashine inayokula wati 7 katika kuandika, hizo ni zaidi ya saa 13. Tena mashine hutumia kwanza betri ya nje, kwa hiyo ikikaribia kwisha unaweza kuichomoa na kuweka nyengine iliyojaa huku kompyuta inaendelea kuwaka kwa ile ya ndani. Kasoro yake ni kwamba betri ya 72 hutokeza chini kama kigongo, na uzito hufika karibu kilo 1.8, ilhali ikiwa na betri ndogo huanzia kilo 1.58. Na usichanganye na T480s, yenye s mwishoni. Hiyo ni nyepesi, ya kilo 1.32, lakini betri yake ni moja ya wati-saa 57 na iko ndani.

Mwanafunzi wa Tunguu

Naomba radhi kwa kumpinga fundi, kwani hesabu yake ni sahihi lakini nahisi ameishikilia nusu moja tu. Amemwambia mwalimu aongeze wati-saa. Mimi namshauri apunguze wati.

Natumia MacBook Air ya M1, iliyotoka Novemba 2020. Betri yake ni ya wati-saa 49.9, karibu nusu ya hizo 96, na Apple yenyewe inaitaja kwa saa 15 za kuperuzi intaneti. Gawa mwenyewe mwalimu, utaona ni kama wati 3.3 tu. Kwangu mimi, na mwanga wa kioo wa Zanzibar mchana ambao lazima uupandishe, napata saa 11 mpaka 12 za kazi halisi, na ninaandika tasnifu kama wewe. Uzito ni kilo 1.29, na haina feni kabisa. Hili la feni nalithamini sana kwa sababu nyumbani kwetu ni ufukweni, na feni ni tundu la kuvutia ndani hewa ya chumvi na vumbi la mchanga. Kibodi yake ina taa inayojipandisha na kujishusha yenyewe kwa kufuata mwanga wa chumba, ingawa katika toleo hili waliondoa vitufe vya kuirekebisha katika safu ya juu, hivyo ukitaka kuibadilisha kwa mkono unaingia kwenye kituo cha udhibiti kilicho pembeni mwa kioo.

Nakiri bei yake si ya laki tisa. Mimi nililipa zaidi ya milioni moja na nusu kwa iliyotumika. Lakini ukiweza kusubiri miezi michache, subiri. Ila usije ukashawishiwa na MacBook Air ya 2018 au ya 2019 kwa kuwa imeingia ndani ya bajeti yako. Hizo zina prosesa ya Intel, na vitufe vyao ni vya ule muundo mwembamba ambao Apple ililazimika kuufungulia mpango wa matengenezo ya bure mwaka 2018 kwa sababu vilikuwa vikikwama au kujirudiarudia. Mchanga wa kwetu hauhurumii vitufe vya namna hiyo.

Jengine: Mac iliyotumika inaweza kuwa bado imefungwa kwa akaunti ya mwenyewe wa mwanzo au ya kampuni yake. Kabla ya kulipa, ifutwe yote mbele yako, iwashwe upya na iunganishwe na intaneti. Ikidai akaunti ya mtu usiyemjua, irudishe pale pale.

Karani wa Mkoani

Nizungumzie taa tu, kwa sababu ndiyo niliyoumia nayo.

Katika mashine hizi za ofisini taa ya kibodi ilikuwa ni kitu cha kuchagua wakati wa kuagiza, hivyo jina la mashine halikuhakikishii chochote. T480 mbili zinaweza kukaa meza moja, moja ina taa na nyengine haina. Kwenye ThinkPad angalia kitufe kirefu cha nafasi: chenye taa kimechorwa alama ndogo ya mwanga, nawe ukibonyeza Fn pamoja nacho, taa huwaka kwa hatua ya kwanza, ukirudia huongezeka, ukirudia tena huzimika. Jaribu ukiwa dukani, na kinga mwanga kwa kiganja au ingiza mashine chini ya meza, kwani dukani pana mwanga na taa hafifu haionekani.

Halafu angalia herufi zenyewe. Mashine nyingi zinatoka Ujerumani, Ufaransa na nchi nyengine za Ulaya ambako mpangilio wa herufi si huu wetu, kwa mfano Ujerumani Z na Y zimebadilishana mahali. Wauzaji hubandika vibandiko vyeusi juu ya kila kitufe ili kibodi ionekane ya Kiingereza. Mimi nilinunua ya namna hiyo. Taa ipo na inawaka, lakini kibandiko kimeziba herufi, mwanga unapita pembeni tu, na gizani naona miraba myeusi iliyozungukwa na mwanga. Kwa mtu anayeandika kwa kuangalia, taa hiyo ni sawa na hakuna. Pitisha ukucha kwenye ukingo wa kitufe, kibandiko utakihisi.

Mwalimu wa Wete

Nawashukuru nyote, na Allah awalipe kheri. Karani, hilo la vibandiko nisingelijua hata kidogo, na sasa nakumbuka ile mashine ya Chake ilikuwa na herufi zinazong'aa kupita kiasi.

Mdogo wangu wa Tunguu, nimekuelewa na hoja yako ina nguvu, lakini milioni moja na nusu siwezi, na kusubiri siwezi pia kwa kuwa msimamizi wangu anataka sura tatu kabla ya Ramadhani. Vile vile naogopa kitu kimoja: mashine yako ikiharibika Pemba, nani ataifungua? Kwa hiyo naelekea kwenye ushauri wa fundi. Ninachoomba sasa ni njia ya kuipima betri mbele ya muuzaji. Nitaonekana mkorofi nikikaa saa nane dukani kusubiri chaji ikwishe. Na hiyo taa ya kibodi yenyewe haitakula chaji?

Fundi Mlandege

Kumaliza na taa kwanza: inakula, lakini kidogo ukilinganisha na kioo. Weka hatua ya kwanza, na gizani shusha mwanga wa kioo, utakuwa umefidia na kubakiwa na ziada. Macho yako pia yatapumzika.

Kuhusu kupima, huhitaji saa nane, unahitaji dakika tano. Mashine ikiwa imewaka kwenye Windows, fungua dirisha la amri, yaani lile jeusi la cmd, andika powercfg /batteryreport kisha bonyeza Enter. Itakuandikia ripoti na kukuonesha mahali ilipoihifadhi; ifungue kwa kivinjari kama unavyofungua ukurasa wa intaneti. Ndani yake, kwa kila betri, utakuta uwezo iliotoka nao kiwandani, uwezo inaoweza kujaa sasa, na katika betri nyingi idadi ya mizunguko ya chaji. Namba ziko kwa mWh, gawa kwa 1000 upate wati-saa. T480 itakuonesha betri mbili, kwa hiyo soma zote mbili. Ya ndani ikiwa ilianza na 24 na sasa inajaa 19 au 20, chukua, ni uzee wa kawaida. Ikiwa inajaa 10, mwambie muuzaji ashushe bei au akuwekee nyengine, maana kuibadilisha lazima kufungua bodi ya chini.

Usiishie kwenye ripoti. Betri za bandia zimejaa, na baadhi yake husema uongo kuhusu uwezo wake. Chomoa chaja, pandisha kioo katikati, fungua ukurasa wa intaneti, uandike au ucheze video kwa dakika 20 huku mkiongea bei. Mashine nzima haipaswi kushuka zaidi ya asilimia chache kwa muda huo. Ikiporomoka kutoka 90 mpaka 70, au ikiruka asilimia tano kwa mpigo, ripoti haikusema kweli. Igeuze pia uiangalie kwa upande: ikiwa bodi ya chini imevimba au kitufe cha panya ni kigumu kubonyea, betri ya ndani imefura, na hiyo ni hatari ya moto, si suala la bei tena.

Vile vile chaji kwa tundu la USB-C ukiwa hapo hapo. T480 inakubali chaja ya USB-C ya wati 45 au 65, na kwa msafiri hiyo ni neema, kwa sababu chaja hiyo hiyo utaichajia simu yako kama inatumia tundu hilo, na hata benki ya chaji yenye kutoa nguvu ya kompyuta itaweza kukuokoa. Benki ya 20,000 mAh huwa na wati-saa 74 kwa hesabu ya volti 3.7 za seli zake, na baada ya upotevu wa njiani unaweza kutegemea kama 60. Chunguza tu kwamba tundu halilegei, kwa kuwa limeungwa kwenye bodi kuu na kulitengeneza ni kazi ya mkono mzuri.

Uliuliza nani ataifungua ukiwa Pemba. T480 hufunguka kwa bisibisi ya msalaba ya kawaida. RAM yake iko kwenye nafasi mbili za kuchomeka, SSD, yaani diski ya kuhifadhia, inachomeka, kibodi inabadilika yenyewe peke yake bila ya kuvunja kitu. Ukikuta ya laki saba na nusu yenye kibodi ya kigeni isiyo na taa lakini bodi na betri ni nzima, inunue, kisha mtafutie fundi kibodi ya Kiingereza yenye taa. Ulizia kwanza kama bodi yake kuu ina tundu la waya wa taa.

Mstaafu wa Chake

Mwanangu mwalimu, salamu zako zimefika. Mimi si mtu wa kompyuta, nilifanya kazi za umeme maisha yangu yote, na vijana wamekueleza vizuri, lakini wameizungumza betri kama kwamba itabaki vile ilivyo siku ya kununua. Betri ya lithiamu inazeeka kwa mambo mawili zaidi ya mengine: joto, na kukaa imejaa pomoni kwa muda mrefu. Sisi huku joto tunalo mwaka mzima. Mtu anayeacha kompyuta imechomekwa usiku na mchana kwa asilimia 100, tena juu ya godoro ambapo hewa haipiti, ataiua betri ndani ya muda mfupi.

Kwa hiyo siku zako za kawaida za nyumbani, izuie isijae zaidi ya asilimia 80. Mashine hizi zina programu ya kuweka mpaka huo. Usiku wa kuamkia safari ndipo uiruhusu ifike 100. Iweke juu ya ubao au meza, kamwe si juu ya kitanda, na usiiache ndani ya gari lililoegeshwa juani Mkoani au Malindi unapongoja boti. Mkoba uwe na mfuko wa ndani usiopitisha maji, kwa sababu rasharasha za bahari ni chumvi, na chumvi hailali.

Kuhusu umeme wenyewe. Wazee wenzangu wanakumbuka kuwa Pemba tuliwashiwa kwa majenereta ya Wesha mpaka mwaka 2010, tulipounganishwa na Tanga kwa waya uliopita chini ya bahari. Na wenzetu wa Unguja kabla kidogo ya hapo, tangu Desemba 2009 hadi Machi 2010, walikaa gizani miezi mitatu baada ya waya wao wa kutoka bara kuharibika. Nayataja haya kwa sababu umeme wa kisiwani unategemea waya wa mbali, na unapokatika na kurudi huja kwa mshindo. Kompyuta yako ikiwa na betri nzima haitazimika, lakini chaja ndiyo itakayopokea pigo hilo. Nunua kinga ya umeme ya soketi, na umeme ukikatika chomoa chaja, subiri dakika kadhaa baada ya kurudi ndipo uchomeke. Betri yako itakupa subira hiyo. Usinunue chaja ya elfu kumi ya njiani hata ikiwa umekwama.

Na jambo moja namsahihisha fundi kwa heshima. Amekuambia uchukue betri ya 72 na hesabu yake ni saa 13. Hizo ni za betri mpya. Wewe pangia saa 10, ili mwaka wa pili na wa tatu isikusaliti ukiwa katikati ya mhadhara.

Fundi Mlandege

Nakubaliana na mzee. Saa 10 ndiyo hesabu ya kuipangia safari.

Mwalimu wa Wete

Nimerudi kuwaeleza matokeo, kwani si vyema mtu kusaidiwa kisha akanyamaza.

Nilipokuwa Unguja wiki iliyopita niliingia maduka manne, Darajani na Mlandege. Katika duka la kwanza nilipoandika ile amri muuzaji alishangaa, lakini hakukataa. Betri ya ndani ilikuwa inajaa wati-saa 9 badala ya 24, nikashukuru nikaondoka. Duka la pili kibodi ilikuwa na vibandiko, nilivihisi kwa ukucha kama alivyosema karani. La tatu ilikuwa ni T470, ingawa karatasi ya bei imeandikwa T480. La nne ndiko nilikonunua. Betri ya ndani inajaa 20.1, kibodi ni ya Kiingereza yenye taa, RAM ni GB 8 na SSD ni ya GB 256. Nilikaa nikiijaribu dakika 25 bila ya chaja ikashuka asilimia 7 kwa ile betri ndogo ya nje iliyokuja nayo. Tulielewana kwa shilingi 760,000. Betri ya nje ya 72 niliipata kwa fundi mwengine kwa 150,000 pamoja na ahadi ya kuirudisha ndani ya mwezi mmoja, na ripoti yake inaonesha 69.

Jumatatu nimesafiri nayo. Nimeichomoa Wete saa kumi na moja alfajiri ikiwa na asilimia 100, nikaandika kwenye boti, nikahudhuria mihadhara miwili na kukaa maktaba, na kwa jumla iliwaka kama saa tisa na nusu. Nilipofika nilipofikia, ilikuwa imebakiwa na asilimia 29. Uzito nauhisi, sifichi, kwa vile hicho kigongo cha chini kinaongeza, lakini chaja nimeiacha mkobani siku nzima. Usiku naandika na taa ya herufi katika hatua ya kwanza, na mdogo hajaamka hata mara moja. Zile kurasa sita nimeshaandika nne.

Nina swali moja la mwisho kwa fundi. Ule mpaka wa asilimia 80 aliousema mzee wetu nauweka wapi? Nimetafuta kwenye mipangilio ya Windows sikuuona.

Fundi Mlandege

Hongera mwalimu, umenunua vizuri. Kwa mashine yako mpaka huo haumo kwenye mipangilio ya Windows, umo kwenye programu ya Lenovo inayoitwa Vantage, unaipakua bure kwenye duka la Microsoft. Ingia sehemu ya nguvu za umeme, utakuta kizingiti cha chaji kwa kila betri peke yake. Weka ianze kuchaji ikiwa 75 na iache ikifika 80, kwa zote mbili. Usiku wa kuamkia boti kizime, na uichomeke mapema, kwa sababu betri ya ndani hujaa kwanza ndipo ifuate hiyo kubwa ya nje, na kwa chaja ya wati 45 zote mbili zitakuchukulia saa kadhaa.